Benchi Lenye Joto

Kendu Bay
2 Septemba 1996

Mwanangu Mniko,

Najua umeutambua mwandiko huu kabla hujafungua bahasha, maana ndio ule ule uliokuwa ukikujia kwa wino mwekundu. Ni mimi, Mwalimu Edinah Nyasuguta, niliyekufundisha hesabu kule Kuria mpaka ukaacha kuhesabu vidole chini ya dawati. Siku hizi ni mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya bweni hapa Kendu Bay, na mvi zimeniota, usiulize ngapi.

Wiki jana tulipata barua kutoka kwenu Migori, kwenye ule Mpango wa Kuni na Majengo. Inasema kila jengo ambalo si nyumba ya mtu, iwe shule, zahanati, hoteli au kinu cha kusaga, litapimwa linakula kuni na mafuta kiasi gani, lipewe daraja kuanzia A mpaka E, na cheti kibandikwe mlangoni kila mpita njia aone. Nilipofika chini nikakuta sahihi: Mniko Wambura, Mkaguzi. Nikatoka nje nikacheka peke yangu mpaka mpishi wetu Mellen akaja kuniuliza kama niko salama. Mniko, mkaguzi! Nilifurahi sana, mwanangu. Nakwambia ukweli, nilijisikia kama mimi ndiye niliyepewa kazi.

Sasa sikia shida yangu. Majirani hapa wamelalamika kwamba shule za bweni zimemaliza miti ya kilimani, na bodi yetu imeshika jambo hilo kwa mikono miwili. Wamesema tusipopata daraja B au zaidi kabla ya mkutano wao wa tarehe sita Novemba, mwakani bweni linafungwa. Wasichana wa hapa karibu watakuja kwa miguu. Wa mbali kule Karungu je? Na wale watatu wa kwenu Kuria, ambao Desemba, msimu wa kukeketa wasichana, ikifika huniomba wabaki shuleni, na wewe unajua kwa nini? Hao wakitoka kwangu hawarudi darasani tena.

Sikuombi upendeleo. Ukinipendelea nitapanda gari nije Migori nikuvute sikio mbele ya wafanyakazi wenzako. Ninachotaka ni uje uone jiko letu. Tunapikia wasichana mia mbili kwa kuni ambazo ukizitazama hutaamini. Tunafanyaje? Sikuambii ng'o. Nataka nikae pembeni nione uso wako ukigundua mwenyewe.

Nisalimie mama watoto, kama umeshapata.

Mwalimu wako,
E. Nyasuguta


Migori
16 Septemba 1996

Mwalimu wangu mpendwa,

Mama watoto yuko, na watoto wawili. Wa kwanza anahesabu vidole chini ya meza, na kila nikimwona nakukumbuka.

Barua yako niliisoma nimesimama. Sijui kama nimewahi kukwambia, lakini hii kazi niliipata kwa ajili yako. Kwenye usaili walinipa hesabu ya kuni za hospitali moja, na wenzangu wote wakaandika jibu. Mimi nikaandika jibu pamoja na njia yake, mstari kwa mstari, maana ubao wako bado uko kichwani mwangu: jibu bila njia ni sifuri. Ulikuwa unalitamka hilo ukiwa umetupa mgongo, unaandika, na bado ulikuwa unajua nani anatazama karatasi ya jirani. Sisi tulisema una macho kisogoni. Mimi mpaka leo naamini.

Kuhusu shule yako, nitakueleza tunavyofanya ili usije ukaniona nimebadilika. Utatuma hesabu ya kuni za mwezi mmoja. Kisha nitakuja siku nitakayochagua mwenyewe, bila kutangaza, maana tukitangaza watu huficha magogo na kutuonyesha jiko limepakwa chokaa. Nikiwa kazini siruhusiwi kula wala kunywa chochote cha mahali ninapokagua, hata maji. Nakuomba radhi mapema kwa hilo, kwa sababu najua utaona nimekosa adabu.

Nina hamu kubwa ya kuliona hilo jiko.

Mwanafunzi wako,
Mniko


MPANGO WA KUNI NA MAJENGO
Migori
14 Oktoba 1996

Kwa Mwalimu Mkuu,

Jengo: Jiko na ukumbi wa kulia chakula, Shule ya Wasichana, Kendu Bay.

Hesabu ya kuni uliyotuma imepokelewa na jengo limekaguliwa. Daraja halikutolewa. Sababu ni kwamba shule ina moto unaotumika ambao haukuandikwa katika hesabu hiyo.

Shule inaweza kuomba kukaguliwa upya mwakani.

M. Wambura
Mkaguzi


Kendu Bay
18 Oktoba 1996

Bwana Mkaguzi,

Nimepokea karatasi yako. Naiita karatasi kwa sababu barua huwa na salamu.

Unasema jengo limekaguliwa. Na nani? Nimemuuliza mlinzi, nimemuuliza Mellen na wasaidizi wake, nimewauliza wasichana wote wakiwa wamepanga foleni. Hakuna aliyeona hata kivuli chako. Ulikagua kwa ndoto? Ama ulikaa hapo Migori, ukatazama hesabu yangu, ukasema huyu mama hawezi kutumia kuni chache namna hii, lazima ni mwongo?

Neno uliloandika ni "moto ambao haukuandikwa". Kwa Kiswahili cha kawaida umeniita mdanganyifu. Mimi, Mniko. Mimi niliyekuwa nikiwarudishia karatasi nzima kwa sababu ya nukta moja ya desimali.

Mwenyekiti wetu, Mzee Joash, ameshaiona karatasi hiyo. Alinitazama tu kwa huruma, na hiyo huruma ilinichoma kuliko kama angenipigia kelele. "Mwakani" unayoiandika haitusaidii, maana bodi inakaa tarehe sita. Jana msichana mmoja wa Kuria, Boke, alikuja ofisini akaniuliza kama anunue daftari za mwakani au aache. Nilimwambia anunue. Sijui nilipata wapi nguvu ya kumwambia hivyo.

Kama kuna mtu aliyekulisha maneno, mtaje. Kama ni wewe mwenyewe uliyeona kitu, sema uliona nini, siku gani, ukiwa wapi. Nilikufundisha hivyo.

E. Nyasuguta


Migori
24 Oktoba 1996

Mwalimu wangu,

Umenichapa, na nimestahili. Ile karatasi ilikuwa ya ofisi, lakini nilijificha nyuma yake kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukuandikia haya. Sasa nakuandikia.

Nilifika shuleni kwako Jumamosi tarehe kumi na mbili, saa sita hivi mchana. Nilichagua Jumamosi kwa kuwa ndiyo siku shule za bweni hupika zaidi. Lango lilikuwa limerudishwa bila kufuli, na uwanja mzima ulikuwa kimya. Niliwasikia mkiimba huko kanisani, nikaona si vizuri kuwakatiza. Nikaingia jikoni peke yangu.

Mwalimu, nimekagua majiko mengi na sijaona jiko safi kama lile. Bomba la moshi limenyooka, milango ya jiko inafunga, na kuni zimepasuliwa nyembamba na kuanikwa chini ya paa zikakauka vizuri. Nilisimama pale nikajivuna kana kwamba ni la mama yangu. Halafu nikaingiza mkono kwenye majivu. Yalikuwa baridi kabisa. Hapakuwa na kaa la moto hata moja. Nikasema vyema, leo labda wanakula mkate.

Nikaingia ukumbini kuwasubiri. Nikakaa kwenye lile benchi refu la matofali lililojengwa ukutani, upande wa jikoni. Hata benchi lenyewe lilikuwa na joto, jua la dirishani lilikuwa limelichoma. Niliposikia mnatoka kanisani, nikaona bora nitazame kwa mbali kwanza, nikarudi kwenye gari letu nje ya ua. Na kutoka pale niliwaona wasichana wakitoka ukumbini na sahani zao, wakikaa kwenye nyasi. Nyoyo ile, mahindi na maharagwe, ilikuwa inatoa mvuke. Niliwaona wakipuliza vidole.

Sahani mia mbili za chakula cha moto, na jiko limepoa tangu jana yake. Nilizunguka ua wote nikitafuta moshi. Sikuupata. Nikajua kuna jiko la pili mahali fulani, na kuni zake hazimo katika hesabu uliyonitumia. Ningekufuata siku ile nikuulize uso kwa uso. Lakini nilikuona umesimama katikati ya watoto wako, umevaa ile skafu nyeupe, unacheka, nikashindwa. Niliogopa kwamba nikikuuliza utanijibu, na jibu lenyewe litanifanya nikuone mdogo. Niliendesha gari mpaka Migori bila kuwasha redio.

Mke wangu aliniambia nikupe tu hiyo B, nani atajua. Boke na wenzake ni dada zangu, Mwalimu, na najua Desemba ya kwetu kuliko mtu yeyote katika ofisi hii. Sikulala vizuri. Lakini ningeandika B ningekuwa nimeandika jibu ambalo sikuliona njia yake, na wewe ndiye wa kwanza ungenidharau.

Niambie moto uko wapi. Nitafurahi kuliko mtu yeyote kujua nimekosea.

Mniko


Kendu Bay
28 Oktoba 1996
Kwa mkono wa dereva wa gari la samaki

Mniko, Mniko, Mniko!

Ulikalia maharagwe!

Nisamehe, nimeanza tena kucheka na kalamu inaruka. Nimemsomea Mellen barua yako, akakaa chini sakafuni pale jikoni akajifunika uso na aproni. Aliposhindwa kabisa akasema, "Madam, kumbe huyo mtu alikuwa ameketi kwa lunch yenyewe!"

Sasa tulia nikufundishe, kama zamani.

Mimi ni Msabato. Hilo unalijua, maana hukuwahi kuniona darasani Jumamosi. Lakini naona sikuwahi kukueleza lingine. Kuanzia jua linapotua Ijumaa mpaka litue tena Jumamosi, hapa shuleni hatuwashi moto wa kupika. Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Nyumbani kwetu Kisii mama alikuwa akichemsha chungu Ijumaa alasiri, anakifunga kwa majani ya ndizi na blanketi kuukuu, anakizika ndani ya kapu kubwa, na kesho yake tukitoka kanisani tunakula chakula cha moto. Nilikua nikidhani dunia nzima inakula hivyo.

Nilipoletwa hapa nikakuta wasichana mia mbili wanakula viporo vya baridi kila Sabato. Kapu la kutosha sufuria zile kubwa halipo. Nikamwita Ombui fundi wa matofali, nikamchorea, tukavunja ukuta kati ya jiko na ukumbi tukajenga masanduku matano ndani yake. Kila sanduku lina kuta mbili, na katikati tumeshindilia vumbi la mbao na maganda makavu ya mahindi. Sufuria ikichemka inaingizwa kwa upande wa jikoni, inafunikwa mto mnene, mlango wa mbao unafungwa, nawe ukiutazama utadhani ni kabati tu. Upande wa ukumbini ni kifuniko cha mbao, na juu yake wasichana wanakaa. Ndilo benchi. Nyoyo inajimalizia kuiva yenyewe humo ndani bila kijiti kimoja cha kuni.

Na hilo la kuni kupungua si akili yangu, ni la Mellen. Tulikuwa tunatumia masanduku Sabato peke yake. Siku moja akaniambia, "Madam, kama inaiva Sabato, kwani Jumanne Mungu amekataza?" Tangu siku hiyo tunachemsha asubuhi, tunafungia, moto tunauzima, na mchana tunakula. Hiyo ndiyo hesabu uliyoiona ukadhani nimeiba.

Lakini ngoja. Nikimaliza kucheka, nataka useme nami kama watu wazima. Nilikuandikia kwa kiburi kwamba sikuambii tunafanyaje. Nikakutumia hesabu tupu. Jibu, bila njia! Mimi! Nimechukua kalamu nyekundu nikajiandikia sifuri kwenye nakala ya hesabu ile, na nimeibandika ukutani ofisini.

Na kuhusu kuninyima cheti, nilisoma yale maneno yako ya mwisho nikiwa nimefunga mlango. Nimefundisha miaka mingi, Mniko. Wengi wamenipita kwa vyeo, wananiletea sukari na soda wakija. Hakuna aliyewahi kuniletea heshima kama hii uliyoniletea ya kuninyima.

Jumamosi hii ni tarehe mbili. Njoo mchana, sitamwambia mtu. Kaa kwenye benchi lile lile, usiondoke, mpaka chakula kitolewe chini yako.

Mwalimu wako,
Edinah


Migori
3 Novemba 1996

Mwalimu wangu,

Naandika Jumapili baada ya misa, kabla ofisi haijafunguliwa, ili barua hii iwahi gari la samaki la kesho. Ofisi ilikubali nikague upya bila kungoja mwakani, maana kosa lilikuwa langu. Jana sikuweza kukwambia daraja pale pale kwa sababu sheria hairuhusu, na niliona ulivyojikaza usiniulize. Ulizungumza habari za mvua muda wote. Hujawahi kuzungumza mvua namna ile.

Nataka kwanza niseme nilivyojisikia. Nilijua Wasabato hawaendi shambani Jumamosi. Sikujua kwamba hata moto wao unapumzika. Mellen aliponiambia niinuke, akafungua kile kifuniko nilichokuwa nimekalia, mvuke ukanipiga usoni, na wasichana wote wakapiga makofi, nilitaka kulia. Nimezunguka majengo ya Migori na Homa Bay nikiandika moshi, moshi, moshi. Na jengo lenye akili kuliko yote nililikalia, nikanyanyuka, nikaenda kuliandikia sifuri. Yule Boke akaniuliza kwa Kikuria kama benchi limenichoma. Nikamwambia ndiyo.

Nitaomba ruhusa ya ofisi kuuchora ukuta wako, tupeleke mchoro huo kwa shule na zahanati nyingine. Jina lako, la Mellen na la Ombui yataandikwa chini yake.

Sasa daraja. Nimekupa B.

Najua ulitaka A. Mimi pia nilitaka kukupa A. Lakini kuhusu siku ile ya kwanza nilikwambia benchi lilikuwa na joto nikasingizia jua. Jana palikuwa na mawingu, na benchi bado lilikuwa na joto, mwisho ule wa karibu na mlango. Juu ya masanduku mengine manne palikuwa baridi kama ukuta wa kawaida. Joto nililolikalia, Mwalimu, ni joto lililotoroka. Sanduku la tano kifuniko chake kimepinda, halizibi, na nyoyo ya sanduku hilo ilikuwa imepoa kuliko ya mengine manne. Niliipima. Sanduku zuri halimwambii mtu aliyelikalia kwamba ndani kuna chakula.

Kwa hiyo ni B, na njia yake nimeiandika yote nyuma ya cheti. Kimo ndani ya bahasha hii.

Usinichukie.

Mniko


Kendu Bay
7 Novemba 1996

Mwanangu,

Nikuchukie kwa lipi?

Bodi ilikaa jana. Mzee Joash alikishika cheti chako mbali na macho kama kawaida yake, akasoma mbele, akageuza akasoma nyuma, mstari kwa mstari. Halafu akaniuliza, "Madam, huyu kijana si ni mtu wako? Si ungeongea na yeye akupe A?" Nikamwambia huyu ni mtu wangu, na ndiyo maana ni B. Akacheka, akasema basi bweni linabaki. Hakuna aliyepinga. Mjumbe mmoja aliuliza tu kama yule Ombui anaweza kumjengea benchi kama lile kwenye hoteli yake ya chakula sokoni.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja darasani kwa Boke. Sikuwa na haja ya kusema mengi. Nilimwambia afunike daftari zake mpya kwa karatasi ya kaki zisichafuke, maana mwaka ujao ni mrefu. Alielewa. Aliinamisha kichwa juu ya dawati, na mwalimu wa zamu akajifanya anatafuta chaki.

Umenipima sawasawa, Mniko. Ningekuwa mimi mkaguzi, ningeandika B hiyo hiyo, na kwa wino mwekundu. Nilikufundisha hesabu za kugawanya mkate, wewe umenirudishia kitu ambacho sikukufundisha: kukalia kosa langu na kulitambua kwa joto lake. Nimejivunia wewe mpaka nimekosa usingizi, na mimi si mtu wa kukosa usingizi.

Cheti kimepigiliwa mlangoni kwa misumari minne. Ombui amekuja leo asubuhi, ameng'oa kifuniko cha tano, ametengeneza kipya cha mvule na kukizungushia mpira wa gurudumu. Mchana tulipika nyoyo. Kabla ya kengele nikawatoa wasichana wote nje, nikaingia ukumbini peke yangu, nikakaa pale ulipokuwa umekaa wewe.

Benchi lilikuwa baridi, mwanangu. Baridi kabisa. Njoo ukae.

Mwalimu wako,
Edinah Nyasuguta